Uji wa Sufuria

Tangu masufuria yapigwe marufuku, kila nyumba ilipikia kwenye chupa za kioo za maabara, ili mkaguzi aone kinachochemka. Mwanahija aliyadharau machupa yale yenye tumbo la duara na shingo isiyopitisha mwiko. Uji wa kutikiswa kama dawa ya kikohozi, huo nao ni uji?

"Unatokota vizuri, mama," mkaguzi alisifu, pua yake ikigusa kioo.

"Ukichoka kuchungulia mapishi ya wanawake, katafute kazi ya maana."

Alipoondoka, Mwanahija akaitoa sufuria aliyoificha uvunguni, ile ile aliyolelewa nayo. Akakoroga uji mzito wa ulezi, akampelekea mama yake mzazi.

Bi mkubwa akalisukuma bakuli pembeni.

"Sikuuona ukiiva, mwanangu. Umenitilia nini humu?"