Mahindi Matupu

Tangu mwezi wa tatu Yunusi hajatia haragwe mdomoni, na tangu mwezi huohuo mkewe Nasra ni kama amesahau kupika kitu kingine. Maharage ya nazi, maharage na wali, maharage na ugali. Yunusi husukuma bakuli pembeni, akala wali mkavu kwa chumvi na pilipili.

"Baba Luqmani," Nasra alimuuliza asubuhi hiyo, "hivi haragwe moja limekukosea nini?"

"Tumbo tu," alijibu, akavaa kofia na kutoka.

Nje mtaa ulikuwa unapendeza. Mtaro mpya wa zege, njia ya miguu ya matofali, vibanda vya mafundi cherehani vimepakwa rangi ya samawati. Mwaka jana mvua ikinyesha Uluguru, maji yalishuka mpaka ndani ya maduka na vitambaa vya watu vikaelea. Sasa yalipita mtaroni kwa adabu zake. Ruzuku ilitoka kwa wafadhili, lakini ramani waliichora wakazi wenyewe, na mwenyekiti wao alikuwa Yunusi. Kila aliyemsalimu alimshukuru, na kila shukrani ilimchoma.

Jumamosi mtaa ungezinduliwa. Kamati ilitaka utepe ukatwe na mkazi mkongwe kuliko wote, Bi Mwaisha, aliyehamia Bigwa kwa mpwa wake.

"Nitamfuata mwenyewe," Yunusi alisema. Hakuwaambia kwamba anakwenda kutubu.

Alipanda bodaboda, na njia nzima alikuwa na ile siku ya kura kichwani.

Sharti la wafadhili lilikuwa moja: kila kaya iridhie. Ikikataa hata moja, ramani ichorwe upya, na kuichora upya kungewapitisha siku ya mwisho ya kuomba. Na ramani ilikuwa na mwiba wake. Mtaro ulipita katikati ya baraza la Bi Mwaisha, pale alipokaanga vitumbua miaka thelathini, pale nusu ya mtaa ilipokulia. Ili watu wasioneane haya, waliamua kupiga kura ya mtungi. Kila kaya inaingiza ngumi, inaachia punje, inatoa mkono. Hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Yunusi alikuwa msimamizi, kwa hiyo kura ya nyumba yake aliipiga Nasra.

Alipoanza kuchota punje na kuzimwaga kwenye ungo, kiganja cha tatu kilitoka na haragwe moja jekundu. Hakuhitaji kuuliza ni la nani. Alikohoa, akajipangusa mdomo, akalimeza.

"Mahindi matupu!" alitangaza.

Vigelegele vikapaa, hata hakuna aliyekumbuka kuhesabu. Bi Mwaisha peke yake hakupiga hata kofi. Kesho yake alifunga mizigo, akaondoka bila kumuaga mtu.

Mtu mmoja hawezi kuuzamisha mtaa mzima, Yunusi alijiambia. Alijiambia hivyo miezi minane, na haikumsaidia. Wahenga walisema haki ya mtu haipotei. Hawakusema kwamba inaweza kukukaa tumboni.

Alimkuta Bi Mwaisha mlangoni, anachambua mchele. Chuma chake cha vitumbua kilikuwa kimetundikwa ukutani, kimeshika kutu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwenyekiti. Umekuja kunibomolea na huku?"

Yunusi alijaribu kucheka, akashindwa. Alikaa kwenye kigoda, akasahau habari ya utepe. "Bibi, nimekuja kukuomba radhi. Siku ile ya mtungi nilikudhulumu. Haragwe lako nililiona. Nikalimeza."

Mikono ya kikongwe ilisimama juu ya mchele.

"Haragwe langu?"

"Ndiyo, Bibi. Uliikataa ramani, nami nikakunyima sauti yako. Naona aibu hata kukutazama."

"Mimi nilitia hindi," alisema Bi Mwaisha. "Wenzangu wanalala kwenye maji, mimi nikatae kwa ajili ya baraza? Ningeomba kijiwe kingine palepale mtaani, nikaendelea na vitumbua vyangu."

"Sasa mbona ulihama?"

Bi Mwaisha aliuweka mchele chini. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imepungua.

"Siku moja kabla ya kura, kuna mtu alikuja kunililia barazani. Nimemlea kwa vitumbua vile, nimemfundisha kuvikaanga, nimemcheza ngoma alipoolewa. Akaapa kwamba wote wakitia mahindi, yeye atanitilia haragwe, nisijione sina mtu. Nikamkataza, akaapa tena. Basi ulipotangaza mahindi matupu, nikajua kumbe alikuwa ananilaghai tu. Baraza lisingenihamisha, mwanangu. Amekuja hapa mara mbili, na mara zote mbili nimemfungia mlango. Alisimama hapo nje, hakusema neno hata la kujitetea."



Bi Mwaisha alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwambie Nasra anisamehe."

Alipofika nyumbani bakuli la maharage lilikuwa mezani, limefunikwa. Nasra alikuwa ameketi ng'ambo ya pili, anamngoja aseme, kama alivyomngoja kila siku tangu mwezi wa tatu.