Redio Isiyo na Mtangazaji

Siku hiyo mjinga alikuwa Matiasi, na mwenyewe hakatai. Ukifika kwake Kibimba, atakusimulia hata kabla hujakalia kigoda.

Ila saa tatu ile ya asubuhi hakuwa na mzaha. Alikuwa anamfunga binti yake, Diane, kwenye baiskeli kwa vitenge viwili. Diane alikuja kwao kuzaa mtoto wa kwanza. Uchungu ulikuwa umeingia siku ya pili, na midomo yake imepauka.

"Taratibu, Baba Diane," alisema mkewe, Josefina. "Unafunga mtu, hufungi kuni."

"Wewe fungasha. Redio husikii?"

Redio ilisikika hadi barabarani. Ilikuwa ile ndogo ya Kichina wanayochezea nyimbo za kwaya. Ilikaa dirishani ikipepesa taa ya bluu, ikitoa fidla, tarumbeta na ngoma nzito zinazotembea kama askari. Mtangazaji hakuna.

Matiasi angemuuliza Magdalena, mwalimu wa kwaya anayekaa nyuma ya kanisa, angeambiwa hiyo ni simfonia ya Mrusi mmoja, aliyeitunga vita vikiunguruma kwao. Lakini Matiasi hakuwa na nafasi ya Warusi. Muziki wa namna hiyo aliwahi kuusikia asubuhi moja tu maishani, ng'ambo ya mto, akiwa na miaka kumi na minne. Usiku wa kuamkia asubuhi hiyo, mkubwa wa nchi alikuwa ameuawa, na kulipokucha redio ikapiga fidla tupu. Baba yake akasema, "Tusubiri mtangazaji aseme." Akasubiri. Anasubiri mpaka leo.

"Kumeharibika tena," alisema Matiasi. "Na safari hii yatavuka. Tunakwenda Biharamulo. Lete simu nimwambie mkweo huko Rusumo."

"Chaji imeisha."

"Bodaboda je?"

"Zote ziko gulioni Nyakisasa."

Josefina akatoka na beseni aliloazima kwa Magdalena alfajiri, limefunikwa kanga.

"Watu wanakimbia vita, wewe unabeba beseni?"

"Kwani wakimbizi hawaogi?"

Wakaondoka. Matiasi alishika usukani, Josefina, redio ikimning'inia shingoni, akamwegemeza Diane mgongo. Jirani yao Irambona, aliyevuka mto pamoja na Matiasi mwaka ule, alisikia ngoma mara moja tu. Akatupa jembe, akafungua mbuzi, akawapita bila salamu.

Njia panda walimkuta Khalidi mbele ya duka lake.

"Shikamoo, Mzee Matiasi. Na hiyo hitima ni ya wapi?"

"Marahaba. Funga duka, kijana. Ng'ambo si kwema."

Khalidi akatega sikio, akapiga miayo. "Mimi inaniletea usingizi. Hiyo stesheni gani? Hapa kwangu wanasoma magazeti."

"Ya ng'ambo," alijibu Josefina haraka. "Sukuma, Baba Diane."

Mlima ulikuwa mrefu. Kila ngoma ilipopiga, Diane aliuma kitenge. Baadaye akaacha kuuma, akaacha na kulia, kichwa kikamlalia begani. Ukimya huo ukamtisha Matiasi kuliko tarumbeta zote.

"Usilale, mama. Niambie, mtoto utamwita nani?"

"Baba, zima redio."

"Nikizima nitajuaje?"

Kwenye redio fidla zikanyong'onyea, zikafika mwisho, kisha ule muziki wa mwanzo ukaanza upya.

"Wanarudia," alisema Matiasi, jasho likimwingia machoni. "Mwaka ule pia walirudia. Mama Diane, tumekwisha."

"Basi kimbia."

Akakimbia. Kandambili moja ilibaki kwenye tope, hakugeuka. Aliteremka upande wa pili akiwa nusu ananing'inia kwenye baiskeli, akimtaja kila mtakatifu aliyemkumbuka. Hata hakuona wamefika wapi mpaka Josefina alipoukamata usukani na kuupinda kulia, ndani ya geti la hospitali.

Geti hilo Matiasi alikuwa ameapa mwanawe hatalipita. Dada yake Secilia aliliingia kwa miguu, kwenda kuzaa, akatoka ndani ya sanduku. Tangu Diane apatwe na uchungu, kila Josefina alipotamka neno hospitali, Matiasi alijibu kwamba Josefina mwenyewe alichukua siku tatu na akazaa. Kisha akabaki kwenye kigoda chake mlangoni.

Sasa wauguzi wawili walikuwa wamekwisha kata vitenge na kumlaza Diane kwenye kitanda cha magurudumu. Josefina akafunua beseni. Ndani mlikuwa na kanga safi, pamba, glavu na kadi ya kliniki.

"Mmemuwahi," alisema muuguzi mkubwa, akipokea kadi. "Mtoto bado anapumua, na mama pia. Mngechelewa saa moja tu, tungekuwa tunaongea mengine." Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa.

Matiasi alibaki uani, mguu mmoja peku, baiskeli imelala chini.

"Umerukwa na akili?" alimwambia mkewe. "Vita viko mgongoni, wewe unamwingiza mtoto huku. Redio si umeisikia kwa masikio yako? Nchi nzima ya ng'ambo inaomboleza. Wakitukuta hapa utawaambia nini?"

Josefina akaivua redio shingoni. Akachomoa flashi ya Magdalena ubavuni mwa redio, na ngoma zikakatika katikati.

"Siku mbili nakwambia mwanao anakufa, hukuinuka," alisema. "Nikaona akwambie Mrusi."