Mwimo wa Marumaru

"Mwimo wa mlango huu ni wa karne ya kumi na tatu," alisema Ersilia, na kicheko kikatoka dirishani juu yake.

Bibi mmoja alikuwa pale akichambua mboga. "Karne gani, binti? Huo kauchonga babangu. Ule wa zamani ulivunjwa na lori la makaa!"

Mtihani wa leseni ya kuwatembeza watalii katika mitaa ya kale ya Roma ulikuwa umebakiza kituo hiki kimoja. Aliyemtahini Ersilia alikuwa profesa, na tarehe hiyo ilitoka katika kitabu cha profesa mwenyewe. Mwaka uliopita alimfelisha mtu kwa kukosea umri wa kisima.

"Usimjali," profesa alisema. "Mtaa huu wa Trastevere kila dirisha lina mwanahistoria wake. Endelea."

Ersilia hakuendelea. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa mwimo, ambao hakuna aliyejisumbua kuusugua. Jiwe lilikuwa na mifuo myembamba, iliyonyooka, yenye nafasi sawa. Alihesabu kumi na miwili bila kukuta hata mmoja uliopinda.

"Mkono haukati hivi," alisema. "Huu ni msumeno wa mashine. Bibi anasema kweli. Kitabu kimekosea."

"Mwambie huyo!" bibi alipaza sauti.

Profesa alivaa miwani, akachuchumaa, akapitisha kidole chake palepale, polepole, kutoka juu hadi chini. Kisha akainua uso dirishani, kalamu mkononi.

"Baba yako aliitwa nani, mama?"