Kikombe cha Mama

Zuweina alirudi kutoka Marekani mama yake ameshazikwa. Ndani ya begi lake mlikuwa na kikombe cha kioo cha kupimia, chenye mistari ya aunsi upande huu na ya mililita upande ule.

"Leo mkate wa kumimina napika mimi," alimwambia dada yake, Mwanakheri. "Kule kila nikipika unatoka mkavu kama tofali. Nikampigia mama simu, nikamwambia ananificha kitu."

"Yeye alikuambiaje?"

"Mchele nusu kilo, tui kikombe kimoja. Nami nikapima hicho kikombe kimoja, sikupunguza hata tone."

Mwanakheri alimtazama. "Kitendawili."

"Tega, Dada."

"Tuna jina moja, lakini mwenzangu akishiba, mimi bado nusu."

Zuweina hakujua. Dada yake akatungua msumarini kikombe kikubwa cha bati, kile cha mama, kilichobanduka rangi mdomoni, akakiweka mbele yake.

"Kikombe kwa mama kilikuwa hiki. Kingine hakukijua."

Zuweina akajaza tui kwenye kioo, akalimimina kwenye bati. Likaishia katikati. Akajaza tena, akamimina, na bati likajaa.

"Aliniapia," alisema polepole. "Nikamkatia simu."

Mwanakheri aliinama kupepea makaa. Zuweina akabaki amekishika kikombe kwa mikono miwili, tui limefika ukingoni, asiweze kulimimina wala kukiweka chini.