Mwaka Mmoja na Pelé

"Papa, ulizaliwa mwaka gani?" muuguzi aliniuliza, sindano mkononi. "Wazee ninawapunguzia dawa ya usingizi. Ukinidanganya, utaamka kisu kikiwa bado tumboni."

Jasho likanitoka. Mwaka wangu sikuwahi kuujua. Mama alisema tu nilizaliwa Lubarika, watu wakivuna mpunga. Ule wa 1940 nilijichagulia mwenyewe, niwe rika moja na Pelé, Bruce Lee na Wangari Maathai. Bandari yetu ya Kalundu yote iliamini, hata samaki wa ziwani.

Nikafungua mdomo niseme kweli.

"Ni wa 1940!" mke wangu Félicité akadakia mlangoni, kifua mbele. "Mwaka mmoja na Pelé! Weye haumujue huyu ni nani?"

Muuguzi akacheka, akabonyeza sindano kunipunguzia kipimo. Nusu ya dawa ikamwagika sakafuni.