Bwana Sharma Mkekani

Bwana Sharma alifika na maji yake.

Alifika pia na sahani yake, kijiko chake, na chakula chake ndani ya kibebeo cha bati cha ghorofa tatu. Mtu kaalikwa kula, kaja na jiko zima isipokuwa mafiga. Mehru Ram, fundi viatu wa Mkuza, Kibaha, alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, moyoni akisema: huyu kaletwa na Mungu, na kama si Mungu basi ni TANU.

Ilikuwa TANU. Mwaka ule wa 1974 Ndugu Kondo, mwenyekiti wa tawi, alitangaza kwamba atahudhuria sikukuu ya mafundi viatu ili awaone Wahindi wa Kibaha wakila pamoja. Mwenye duka gani, Bwana Sharma akiwemo, angethubutu kukosa? Siku hizo kuitwa mbaguzi kulikuwa kubaya kuliko kuitwa mwizi. Mwizi angalau alikuwa na wakili.

Sikukuu yenyewe ilikuwa ya Ravidas, mtakatifu wa kale wa India, fundi viatu kama wao, aliyeimba kwamba Mungu haulizi ukoo wa mtu. Wafuasi wake, familia sita tu hapo mjini, walimkumbuka kwa namna moja: mkeka mmoja, chungu kimoja, kila mtu chini. Aliyekula nao amekiri kwamba wao ni watu, na mtu aliyekiri hivyo hawezi tena kuwakatalia posa.

Posa ndiyo iliyomnyima Mehru Ram usingizi. Suresh, mtoto wa Bwana Sharma, alimtaka Kamla, binti wa Mehru Ram. Kamla naye alimtaka Suresh, tena kwa ukaidi aliourithi kwa mama yake. Lakini Bwana Sharma alikuwa Brahmini, ukoo wa makuhani wasiogusa chakula wala maji ya fundi viatu, na jibu lake lilishatoka mara tatu: "Mwanangu haoi nyumba inayonuka ngozi." Tangu Alhamisi Kamla alikuwa hagusi chakula. Mehru Ram alimpenda mno binti yule, na ilimuuma kuona mifupa ya shingo yake ikianza kujitokeza.

"Shikamoo, mzee," Kamla alimwamkia mgeni.

"Marahaba," Bwana Sharma alilijibu paa la baraza.

Usafi wake ulisifika. Uzi mtakatifu wa Kibrahmini aliouvaa kifuani ulikuwa mnene kuliko wa kuhani yeyote wa Dar es Salaam, naye aliuacha uchungulie kwenye shingo ya shati, watu wasije wakasahau. Kibaha alihamia kutoka Kisarawe, Kisarawe alitoka India; kijiji gani, ukimwuliza alisema "mbali". Ngozi hakuigusa. Hata viatu vyake vilikuwa vya turubai. Ila alipokuwa anavivua, alivitupia jicho viatu vya wenzake vilivyopangwa mlangoni.

"Huu mshono wako utaachia kisiginoni," alimwambia Mehru Ram. "Nta haikutosha."

Mehru Ram alicheka kwa adabu. Kumbe siku hizi Mabrahmini nao wanajua nta!

Uani, Bwana Sharma aliketi ukingoni kabisa. Nusu ya makalio ilikuwa mkekani, nusu nyingine ilibaki Brahmini. Alipofungua kibebeo chake, Ndugu Kondo, aliyeketi ubavuni pake, hakungoja kukaribishwa. Alikula ghorofa ya kwanza, ya pili na ya tatu, akashushia kwa yale maji mpaka tone la mwisho.

"Ujamaa, ndugu," alisema akicheua. "Sasa na wewe kula cha wenzako."

Mehru Ram aliashiria jikoni.

Sahani ilikuja. Mama yake Kamla, ambaye majibu yote matatu ya posa aliyasikia kwa masikio yake, ndiye aliyeipakua, na pilipili ya achari hakuibania. Bwana Sharma aliitazama sahani, akamtazama mwenyekiti, kisha akakunja chapati na kutia tonge kubwa ili yaishe haraka, kama mtu anayemeza kwinini.

Yalianza. Macho yalimtoka, uso ukaiva, jasho likamchuruzika. Alipapasa chupa yake, akaitikisa. Tupu.

"Maji!" alikoroma.

Kamla alikuja mbio na jagi na glasi. Alijaza glasi, akampa. Bwana Sharma hakuipokea. Aliruka kutoka mkekani, akachuchumaa kwenye mchanga, akainamisha kichwa, akakinga viganja viwili chini ya kidevu, akangoja.

Kamla, mzaliwa wa Kibaha, alibaki na glasi hewani. "Baba, mzee anataka nini?"

Pale mkekani wazee wote waliacha kutafuna. Hivyo ndivyo walivyofundishwa kunywa utotoni huko India, wao tu, watoto wa washona ngozi, wenye kisima wakiwamiminia kutoka juu ili chombo kisinajisike.

Sauti ya Mehru Ram ilipotoka ilikuwa ya upole ambao hata yeye hakuutarajia.

"Mmiminie taratibu, mwanangu," alisema. "Huyo ni mkweo."