Oili ya Gia

"Usizime," afisa mzungu alisema, kisha akaenda kunywa chai.

Nzomo alibaki ameshika usukani, jasho likimtiririka mpaka kiunoni. Injini ilinguruma polepole, haina moshi, haigongi. Lakini alijua alichoficha mle ndani. Asubuhi alimwaga oili yote kuukuu, akatia ya gia, nzito kama asali, na juu yake mkebe mzima wa dawa ya injini aliyouziwa na Mhindi wa dukani. Kuiwasha kwa hendeli nusura kumvunje mkono. Oili hiyo ikiwa baridi hufunika maovu yote. Ikishapata moto huwa maji, na injini iliyolika huanza kugonga kama mtu anapigilia misumari.

Tarishi wa chifu alitangaza tu kwamba kila lori lipelekwe Kitui likakaguliwe. Kwa nini, hakusema. Wakubwa hawana kawaida ya kukuambia. Nzomo alijua mwenyewe: mabovu yataondolewa barabarani. Na yeye bila lori ni nani? Mkewe Ndinda alikufa mwaka jana wakingoja gari la hospitali, ambalo wakubwa hao hao walikuwa wamelichukua kwenda kuwinda. Sasa alikuwa na mtoto mmoja, Kavata, na lori hili la kubeba mahindi ya Kwa Vonza. Basi.

Lori lililomtangulia, la Hersi muuza ng'ombe, lilitoa moshi mpaka askari wakakohoa. Oili yake ilinuka mafuta ya taa.

"Ondoa hiyo takataka," karani wa afisa alifoka.

Hersi alikuja dirishani kwa Nzomo, hana huzuni hata kidogo. Akatega sikio.

"Warya, wewe Nzomo. Hii yako inalala kama mtoto. Umeipa nini?"

"Ni nzima tu."

"Nzima?" Hersi alimtazama kama anayetazama maiti. "Basi pole, ndugu yangu."

Ananicheka, Nzomo akawaza.

Afisa alirudi akipangusa masharubu. Joto lilikuwa limepanda. Tak, injini ikasema. Nzomo alikanyaga mafuta kidogo kuizima sauti ile. Afisa aliinamisha sikio juu ya boneti. Tak. Nzomo akakohoa kwa nguvu, akakohoa tena.

Afisa aliinuka, akachora msalaba wa chaki mlangoni, akamwambia karani jambo kwa Kiingereza, akaondoka.

"Amesemaje?" Nzomo aliuliza.

"Amesema hajaona injini nzuri kama hii leo," karani akajibu. "Imepita."

Nzomo aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Machozi yalimtoka.

"Basi naweza kurudi nyumbani, bwana? Mtoto wangu yuko peke yake."

"Nyumbani?" Karani alicheka. "Mzee, mbovu ndizo zinarudi nyumbani. Nzima zinakwenda vitani, kule jangwani kaskazini, na kila moja na dereva wake. Usizime. Mnaondoka sasa hivi."